Bitana ya Mfarishi wa Babu

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Kila mwaka methali hii hutumiwa katika insha zetu, na kila mwaka mfano unaotolewa ni ule ule wa mwanafunzi aliyekesha akisoma hadi akapita mtihani. Leo, wasomaji wapendwa, nawaomba radhi niupumzishe mfano huo. Nataka kuwaeleza juu ya kitambaa ambacho hakuna mgeni anayekitazama, lakini ambacho kilimaliza likizo yetu yote ya Aprili 2025 na kikakaribia kuwagombanisha ndugu wawili wa tumbo moja.

Kitambaa hicho huitwa bitana. Bitana ni kile kitambaa cha ndani ya koti, kinachofunika mishono ili isikukwaruze. Na mfarishi je, ni mdudu gani? Si mdudu. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, la jamaa moja na maneno ya kutandika, nalo lina maana ya tandiko au blanketi lililojazwa pamba. Mfarishi una matabaka matatu. Juu kuna uso, ambao mara nyingi huundwa kwa vipande vingi vya nguo vilivyounganishwa. Katikati kuna pamba iliyotandazwa kama mkate wa kumimina. Chini kuna bitana. Kisha matabaka hayo yote hushonwa pamoja kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini, ili pamba isikimbilie upande mmoja.

Nyanya yangu alifariki mwaka 2023. Aliacha leso kumi nzuri, nyingine alizonunua mwenyewe Mombasa, Mtaa wa Biashara, na nyingine alizoletewa na watoto wake. Babu yu hai, anaishi Wundanyi kule milimani Taita. Wanaoijua Wundanyi wanafahamu kwamba mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko haina mzaha. Sisi tunakaa Voi, ambako joto hutufanya tulale madirisha wazi, lakini ukipanda matatu kwa muda usiotimia saa mbili unajikuta unatafuta sweta. Basi Mama, ambaye ni fundi wa cherehani, akaona ni heri leso za Nyanya zimpe Babu joto kuliko kuwapa panya matandiko sandukuni. Alizikata leso tisa miraba miraba, akaziunganisha, na uso wa mfarishi ukawa na upana wa inchi 60 na urefu wa inchi 76.

Sasa ikabaki kazi ya kushona matabaka matatu pamoja. Hapo ndipo cherehani yetu ilipokwama. Kwa cherehani za kawaida za nyumbani, ile nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine huwa kama inchi 6 hadi 9 tu. Hebu fikiria kulisokota blanketi zima lenye pamba na kulipitisha katika nafasi ya shubiri moja! Lakini ziko cherehani za mkono mrefu, ambazo nafasi hiyo yaweza kufika inchi 18 hadi 30. Ajabu yake ni kwamba kitambaa hakisukumwi. Kitambaa hutandazwa juu ya fremu, kimevutwa kati ya roli, nayo mashine ndiyo inayotembea juu ya reli, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kama mtu anayeandika ubaoni. Mashine hizi zimeenea sana Marekani. Mama alipata habari za mwanamke mmoja Nairobi aliye nayo, na ambaye huwashonea watu kwa malipo.

Mwanamke huyo alituletea ukurasa mmoja wa masharti, wote kwa Kiingereza. Mama akanikabidhi, akasema, "Si wewe ndiwe wa Chama cha Kiswahili? Hebu nitafsirie hii, nijue mwenyewe anataka nini."

Nilipousoma nilishangaa. Nilidhani masharti yangehusu uso, ambao Mama aliushona kwa miezi mitatu. La hasha! Karibu ukurasa wote ulihusu bitana. Nilimwuliza Mama sababu, akanijibu, "Kwani bitana ndiyo inayofungwa kwenye mashine. Ikienda upande, kila kilicho juu yake kitaenda upande."

Sharti la kwanza lilikuwa ukubwa. Bitana lazima izidi uso kwa inchi 4 kila upande. Hii ina maana kwamba upana unaongezeka inchi 8 na urefu pia inchi 8. Kwa hivyo bitana yetu ilitakiwa iwe inchi 68 kwa 84. Kwa nini kupoteza kitambaa kiasi hicho? Kwa sababu ncha ya juu na ncha ya chini hubanwa kwa pini kwenye turubai za roli, na pande mbili zilizobaki huvutwa kwa vibanio. Bitana ikiwa sawa na uso, kichwa cha mashine kitagonga vibanio kabla hakijafika ukingoni. Isitoshe, mishono ikipita huvuta kitambaa kidogo kidogo ndani, na ile ziada ndiyo inayofidia.

Sharti la pili lilikuwa kufua. Mama alikwenda Mombasa akanunua yadi 4 za marekani yenye upana wa inchi 60. Nitasimama hapa kidogo, maana kitambaa hiki kina hadithi. Marekani ni ile bafta nzito ya pamba isiyotiwa rangi. Imeitwa hivyo kwa kuwa ililetwa pwani yetu na meli za Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, ambako kulikuwa na viwanda vya kufuma pamba. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Wafanyabiashara walileta vitambaa, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kwao kuanzia 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na vitambaa kutoka kwingine vikapata nafasi. Jina lakini halikuondoka. Hata leo mwenye duka anaweza kukuuzia marekani ambayo haijawahi kuiona Marekani.

Marekani mpya huwa na dondo, yaani ule wanga unaoifanya iwe ngumu kama karatasi. Nayo hurudi ikifuliwa. Kabla ya kufua nilitia alama mbili za kalamu ya risasi, umbali wa yadi moja kamili, yaani inchi 36. Baada ya kuifua kwa maji ya moto na kuianika, nikapima tena: inchi 34 na nusu! Inchi moja na nusu ilikuwa imeliwa katika kila yadi. Je, kama tungeishona bila kuifua? Mfarishi ungefuliwa mara ya kwanza, bitana ingerudi na uso usirudi, na Babu angejifunika kitu kilichokunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Sharti la tatu lilikuwa kunyoosha. Ukingo wa kiwandani, ule mgumu uliokazwa pande mbili za kitambaa, hukatwa na kutupwa, kwa maana haunyumbuki sawa na sehemu nyingine. Halafu ncha ilinganishwe na mkondo wa nyuzi. Mama alinionyesha njia ya mafundi wa zamani: kata kidogo kwa mkasi, kisha rarua. Marekani huraruka kwa kufuata uzi mmoja tu, ikawa imenyooka kuliko kuchora kwa rula. Nikamwambia darasani tulisoma njia nyingine. Pembe nne zikiwa nyuzi 90, mistari miwili ya mshazari lazima ilingane, na kwa nadharia ya Pythagoras, 68 na 84 zinatoa mshazari wa takriban inchi 108. Mama akacheka, akasema, "Sawa, mwalimu. Mimi nitararua, wewe utapima." Na ndivyo tulivyofanya hadi mwisho.

Sharti la nne lilihusu mshono wa kuunganishia. Kitambaa chetu, baada ya kufuliwa na kutolewa kingo, kilibaki na upana wa inchi 57, na tulihitaji 68. Basi lazima pawe na mshono. Lakini upite wapi? Ukipita kutoka juu kwenda chini, utahitaji vipande viwili vya inchi 84, yaani yadi 5 kabla ya kufua. Ukipita kwa upana, vipande viwili vya inchi 68 vinatosha, yaani yadi 4. Hiyo ni faida ya mfuko. Iko na faida ya mashine. Bitana ikizungushwa kwenye roli, mshono wa kutoka juu kwenda chini hujirudia mahali pale pale, mzunguko juu ya mzunguko, ukawa nundu. Pale penye nundu kitambaa hukaza, kwingine kikalegea kama kamba ya nguo, na mashine hushona vikunjo. Mshono wa upana hulala sambamba na roli, ukapita mara moja tu. Vilevile mshono uachiwe nusu inchi kila upande, kisha ufunguliwe katikati na kupigwa pasi, usilaliane upande mmoja.

Mpaka hapo kazi ilikuwa hesabu tupu, na hesabu haina machozi. Machozi yaliletwa na leso ya kumi.

Leso hiyo Mama hakuikata. Ilikuwa ya rangi nyekundu na nyeusi iliyopauka, na jina lake ni WEMA HAUOZI. Nyanya aliivaa akienda kanisani, akaivaa pia siku alipopelekwa hospitali. Wakati marekani ilipokuwa ingali kambani, Mama aliniambia kwamba angependa leso hiyo iwe katikati ya bitana, ili Babu ajifunike nayo. Jumamosi hiyo Mama mkubwa, dada yake, akaja kututembelea, akasikia habari hiyo.

"Leso hii haitiwi mkasi," akasema. "Mmekata tisa, nikanyamaza. Hii moja niachieni."

"Dada, ikae sandukuni imkumbushe nani?" Mama akamjibu. "Panya?"

"Inikumbushe mimi."

Nyumba ikawa kimya hata tukasikia sufuria ikichemka jikoni. Nilikuwa nimeketi sakafuni na utepe wa kupimia shingoni. Mtoto hasimami kati ya wakubwa, najua, lakini nilikuwa na daftari. Nikasema kwa heshima, "Mama mkubwa, haikatwi. Naomba nikuonyeshe." Nikamchorea. Leso ilalie kwa upana, nzima, na pindo zake zote nne na jina lake. Kulia na kushoto tuongeze vipande vyembamba vya marekani, juu na chini vipande vipana. Mkasi hautaigusa.

Akautazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na hizi ncha mbili zilizopindwa?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Ninyi mnajua leso huuzwa doti, mbili pamoja, na mnunuzi huzitenganisha na kuzipinda ncha. Nyanya alizipinda kwa mkono, kwa sindano, mishono midogo kama punje za mtama. Pindo la kukunjwa mara mbili ni nene, na likiachwa ndani ya mshono litakuwa nundu. Ilibidi lifumuliwe.

"Mshono wa mama," Mama mkubwa akasema, "ndio mnataka kuufumua." Halafu akauliza, "Ikishapigwa na hiyo mashine, inaweza kufumuliwa tena irudi kama ilivyokuwa?"

Nilimjibu kweli. Uzi unaweza kutolewa, lakini mishono itakuwa maelfu, na matundu ya sindano yatabaki katika nguo ya zamani namna ile. Akainuka, akaaga, akaondoka bila kunywa chai. Kwetu sisi mtu kuondoka bila kunywa chai si jambo dogo.

Mama hakuigusa ile leso. Aliikunja akaiweka juu ya meza, akaniambia tuendelee na bitana ya marekani peke yake, ikibidi. Kwa siku tatu ilikaa pale, nasi tukapita pembeni yake kama mtu anayepita pembeni ya mzee aliyesinzia.

Siku ya nne Mama mkubwa akarudi. Hakueleza lolote. Aliketi mkekani, akaomba wembe mpya, akaanza kuufumua mshono wa Nyanya mwenyewe, tundu kwa tundu. Ilimchukua asubuhi nzima. Uzi aliokuwa akiutoa hakuutupa. Aliuzungusha kwenye kijiti cha kiberiti, akaufunga katika pembe ya leso aliyojifunga, pale wanawake wanapofungia pesa. Kisha akasema, "Leteni pasi."

Basi tukaiunganisha. Leso, baada ya kufuliwa miaka na miaka, ilipima inchi 57 kwa 41. Tukitoa nusu inchi ya mshono kila upande, zilionekana 56 kwa 40. Vipande vya kando vikawa vya kuonekana inchi 6 kila kimoja, na vya juu na chini inchi 22. Jumlisha mwenyewe: 6 na 56 na 6 ni 68, 22 na 40 na 22 ni 84. Hapo nilielewa vizuri faida ya kufua kwanza. Leso ilikuwa imekwisha kurudi zamani, na marekani isingefuliwa ingekuja kuivuta Nyanya kwa nguvu za ujana. Tulijaribu pia rangi nyekundu, kwa kuwa nyekundu ina tabia ya kuchuja. Tuliisugua na kitambaa cheupe kilicholowa, kikabaki cheupe. Leso ile ilikuwa imemaliza kuchuja kabla sijazaliwa.

Mama alimpigia simu yule mwanamke wa Nairobi kumwarifu. Alikubali, ila alitoa tahadhari mbili. Kwanza, ile mishono mifupi ya kando ya leso ingesimama, kwa hiyo ipigwe pasi hadi ilale kabisa. Pili, hawezi kuahidi kwamba katikati ya bitana itakutana sawasawa na katikati ya uso, maana akishona huona uso tu, na bitana iko chini. Akasema pia tusiyashone matabaka pamoja wala kuyabana kwa pini. Kila moja lije peke yake, na tuandike JUU upande wa juu wa uso na wa bitana. Marekani iliyobaki Mama aliishonea mfuko wa kubebea.

Tulipanda treni Voi, mimi na Mama, mfuko mapajani. Huko Nairobi niliiona fremu yenyewe, ndefu kuliko chumba changu. Yule mwanamke aliitandaza bitana, akapitisha kiganja akitafuta vikunjo, akabana ncha moja kwa pini, akazungusha roli taratibu, akabana ncha ya pili. Nilishikilia pumzi. Kitambaa kilichopinda hapo ndipo kinapotoboa siri yake, upande mmoja hukaza na mwingine hulegea. Bitana yetu ikakaa kama ngozi ya ngoma. Akasema neno moja tu, "Imenyooka." Mama alinitupia jicho, wala hatukusema kitu. Kabla ya saa kumi jioni mashine ilikuwa imemaliza.

Julai tuliupeleka Wundanyi. Uso ulisifiwa na majirani wote, na ulistahili, miraba ya leso tisa iking'aa kama bustani. Tukamtandikia Babu, uso juu, tukaenda kulala. Asubuhi nilipompelekea uji nikakuta ameugeuza. Miraba ya rangi ilikuwa chini, na leso ya kumi ilikuwa juu. Jina lake halikukaa katikati, lilikuwa limesogea kushoto kama inchi mbili. Babu alikuwa akilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Nani aliyeiweka huku?" akaniuliza.

Nikamwambia Mama ndiye aliyetaka, na Mama mkubwa ndiye aliyeifumua.

"Usiku nilijua kabla sijaona," akasema. "Huo upande mwingine ni wa wageni. Huu ndio unaonigusa."

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi bado ningeiweka sandukuni," akasema, lakini huku akisema alikuwa akiunyoosha ukingo wa mfarishi pale ulipokunjika.

Tangu siku hiyo nimepata tabia mpya, na ninawashauri wenzangu muijaribu. Ukienda dukani au gulioni kununua koti, usiangalie vifungo kwanza. Ligeuze ndani nje. Tazama kama bitana imekatwa kwa kufuata uzi, kama mishono imelala, kama imeachiwa nafasi ya kupumua. Muuzaji atakuona mjuaji, mwache akuone hivyo. Wewe ndiye utakayelivaa.